Mtoto Anaharisha: Mwongozo Kamili Kuanzia Choo cha Kwanza Hadi Apone

Mtoto mdogo anayeharisha hufa kwa kukauka. Maji na chumvi vinatoka mwilini haraka kuliko vinavyoingia, na kwa mtoto wa miezi minane jambo hilo halihitaji siku nyingi. Anaweza kuamka anaharisha huku bado anacheza, na kufikia jioni akawa hana nguvu ya kushika ziwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kurudisha maji. Swali la "nimpe dawa gani ya kufunga tumbo" ndilo linalowapotezea wazazi wengi saa za thamani.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayekaa na mtoto pale tatizo linapoanza: mama, baba, bibi, dada wa nyumbani. Nimefuata utaratibu unaotumika kwenye zahanati na vituo vya afya vya Tanzania. Msomaji wa Kenya, Uganda au Kongo atakuta karibu kila kitu ni kilekile, kwa kuwa miongozo ya nchi hizi imejengwa juu ya ile ya Shirika la Afya Duniani.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kuharisha kweli

Kuharisha ni kupata choo cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, au mara nyingi kupita kawaida ya mtoto huyo. Kichanga anayenyonya tu anaweza kupata choo laini cha rangi ya haradali kila anapomaliza kunyonya, na akawa mzima kabisa. Kinachotakiwa kukushtua ni mabadiliko: choo kilichokuwa kizito kidogo sasa kinatoka kama maji na kulowesha nepi yote.

Kitazame choo chenyewe kabla hujakitupa. Kikiwa na damu, hata michirizi tu, huyo ni mtoto wa kupelekwa kituoni siku hiyohiyo, maana kuhara damu mara nyingi hutokana na bakteria wanaohitaji dawa iliyochaguliwa na mhudumu wa afya. Kikiwa kingi sana, cheupe kama maji yaliyooshea mchele, fikiria kipindupindu na uondoke mara moja huku ukimnywesha njiani. Na mtoto aliyeharisha kwa siku 14 au zaidi naye apelekwe, hata kama anaonekana mchangamfu, kwa sababu kuhara kwa muda mrefu hula uzito wake na mara nyingi kuna tatizo jingine nyuma yake.

Chukua simu au karatasi uandike saa ya kila choo, kila tapishi na kila mkojo. "Amekojoa mara ya mwisho lini?" ni swali utakaloulizwa zahanati, na kichwa cha mzazi asiyelala hakikumbuki.

Hatua ya 2: Pima kama amekauka

Mvue nguo, mlaze mahali penye mwanga, umwangalie vizuri. Je, yuko macho na anakufuata kwa kukutazama, au amelegea? Macho yameingia ndani kuliko jana? (Muulize mtu mwingine wa nyumbani anayeijua sura yake vizuri.) Akilia, machozi yanatoka? Ulimi na midomo vina unyevu? Kwa mtoto ambaye utosi haujafunga, gusa uone kama umebonyea.

Kisha mpe maji kwa kijiko. Mtoto ambaye hajakauka atakunywa kama kawaida au atakataa kwa sababu hana kiu. Anayekivamia kikombe na kulia ukikiondoa ameanza kukauka. Asiyeweza kunywa kabisa yuko hatarini.

Sasa pima ngozi. Mtoto awe amelala chali, mikono yake kando. Chagua sehemu ya tumbo iliyo katikati ya kitovu na ubavu. Bana ngozi kwa dole gumba na upande wa kidole cha shahada, usitumie ncha za kucha, na mkunjo ufuate urefu wa mwili kutoka kichwani kwenda miguuni. Inua, shikilia kwa sekunde moja, achia. Ikirudi papo hapo, vizuri. Ikirudi taratibu, ukaiona ikishuka, amekauka kiasi. Ikibaki imesimama kwa zaidi ya sekunde mbili, amekauka vibaya. Kipimo hiki kinaweza kudanganya kwa mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo, ambaye ngozi yake hulegea hata akiwa na maji ya kutosha, na pia kwa mtoto mnene, ambaye ngozi hurudi haraka ingawa amekauka. Usikitumie peke yake.

Pampasi inaficha mkojo, hasa ikichanganyika na choo cha maji. Mtoto akianza kuharisha, mvalishe nepi ya kitambaa angalau mchana, ujue kwa uhakika kama anakojoa.

Asiye na dalili hizo anatibiwa nyumbani. Aliyekauka kiasi aende zahanati, ambako atanyweshwa ORS (maji ya pakiti ya chumvi na sukari, yanayoelezwa katika Hatua ya 3) akiangaliwa, mililita 75 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa 4, maana yake mtoto wa kilo 8 anapata mililita 600. Aliyelegea, asiyeweza kunywa, au ambaye ngozi yake haishuki anahitaji dripu sasa hivi.

Hatua ya 3: ORS, na namna ya kuinywesha

Hapa ndipo mtoto anapopona, kwa hiyo nitakaa kidogo.

ORS ni chumvi na sukari maalumu katika pakiti. Nguvu yake iko kwenye uwiano. Ukuta wa utumbo una milango inayopitisha chumvi na sukari kwa pamoja, na vinapopita huvuta maji kuingia mwilini. Milango hiyo huendelea kufanya kazi hata utumbo ukiwa umeshambuliwa na virusi au kipindupindu. Maji matupu hayana cha kuyavuta, na sukari ikizidi, kama kwenye soda, huvuta maji kuelekea kwenye utumbo na kuongeza kuhara.

Anayedharau pakiti hiyo kwa kuwa ni ya bei ndogo afahamu lililotokea mwaka 1971 katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, upande wa India karibu na mpaka wa Bangladesh ya leo. Kipindupindu kilikuwa kimelipuka na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua chumvi na sukari vichanganywe kwenye maji kwa wingi, na ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vikashuka kutoka takriban wagonjwa 30 katika kila 100 hadi chini ya 4. Walionywesha hawakuwa wauguzi. Walikuwa mama, kaka na shangazi wenye vikombe.

Kuchanganya:

1. Nawa mikono kwa sabuni, na uoshe chombo na kijiko.
2. Soma pakiti. Nyingi ni za lita 1, lakini zipo za kiasi kidogo, na maji lazima yalingane na pakiti.
3. Pima maji safi ya kunywa. Kama huna kipimo, chupa mbili za maji za nusu lita zikijaa ni lita 1 kamili. Usikadirie kwa jagi.
4. Mimina pakiti yote kwa mara moja. Ukimimina nusu leo na nusu kesho, hutajua umetia chumvi kiasi gani.
5. Koroga hadi iyeyuke na uonje. Isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya, kwa kuwa chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto.
6. Funika. Baada ya saa 24 mwaga kilichobaki na utengeneze mpya.

Usiongeze sukari, juisi wala maziwa, na usiichemshe ikishachanganywa.

Kila baada ya choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha mililita 200. Wa miaka 2 na zaidi anywe nusu kikombe hadi kikombe kizima. Katikati ya choo na choo, mpe anavyotaka.

Mnyweshe kwa kijiko au kwa kikombe, kidogokidogo. Watoto wengi wanaosemwa "anaitapika ORS" wamepewa kikombe kizima kwa mara moja na mtu mwenye haraka. Akitapika, subiri dakika 10, kisha rudi na kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili au tatu. Kazi hii inachosha. Pokezaneni. Baba akae na kijiko saa mbili ili mama alale, kwa sababu usiku wa manane ndipo kijiko huangushwa na asubuhi mtoto akaonekana macho yameingia ndani.

Kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya tu, mnyonyeshe mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na ORS mpe pia. Hapo ORS inahesabiwa kama dawa, haivunji utaratibu wa kunyonyesha maziwa ya mama pekee.

Pakiti isipopatikana, weka katika lita 1 ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu kwa kisu. Itumie wakati mtu anafuata pakiti, maana haina vitu vyote vilivyomo kwenye ORS halisi. Uji mwepesi wenye chumvi kidogo na supu pia vinasaidia. Dafu ni zuri kama nyongeza, ila lina chumvi kidogo mno kuchukua nafasi ya ORS. Soda, juisi za boksi na chai nzito yenye sukari viache kabisa.

Hatua ya 4: Vidonge vya zinki

Zinki hupunguza siku za kuhara na humpa mtoto kinga ya kutorudi kuharisha miezi michache ijayo. Chini ya miezi 6 ni miligramu 10 kwa siku, ambazo kwa kawaida ni nusu kidonge. Miezi 6 hadi miaka 5 ni miligramu 20, kidonge kimoja. Kiyeyushe kwenye kijiko chenye maziwa ya mama, ORS au maji safi.

Kinachoharibika ni siku. Tumbo linatulia siku ya tatu na vidonge vinasahauliwa juu ya kabati. Endelea kwa siku 10 hadi 14 kama ulivyoelekezwa, hata akiwa anakimbia uani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliweka ORS na zinki katika pakiti moja kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Ukienda duka la dawa, omba vyote viwili.

Hatua ya 5: Alishe

Kumpumzisha tumbo kwa kumnyima chakula ni desturi ya zamani inayomdhoofisha mtoto. Ziwa liendelee bila kukatizwa. Aliyeanza kula apewe chakula laini mara sita kwa siku, kidogokidogo: uji, mtori, wali uliopondwa na maharage, ndizi mbivu, viazi na samaki aliyetolewa miba. Ongeza kijiko kidogo cha mafuta kwenye chakula chake ili apate nguvu. Akikataa, rudia baada ya nusu saa, bila kumshika kwa nguvu.

Hatua ya 6: Yale ya kukataa, hata yakisemwa na mtu unayemheshimu

Kuhara kwingi kwa watoto wadogo kunatokana na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Flagyl inayouzwa bila kipimo, vidonge vilivyobaki vya mtoto wa jirani, na dawa za kufunga kuhara kama loperamidi havimfai mtoto. Hizi za mwisho zinaweza kuusimamisha utumbo wake kabisa.

Halafu kuna meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita meno ya nailoni. Mtoto ana homa na anaharisha, mtu anamfungua mdomo, anaona ufizi umevimba na weupe kidogo mahali jino la chonge litakapotokea, na anasema huo ndio ugonjwa. Mganga anachimba ufizi kwa kisu au spoku ya baiskeli na kutoa kitu laini cheupe. Kitu kile ni jino la mtoto lenyewe, ambalo bado halijakomaa. Baada ya hapo mtoto ana kidonda mdomoni, anaweza kupoteza damu nyingi au kupata maambukizi yanayoingia kwenye damu, na kubwa zaidi, hawezi tena kunyonya wala kunywa, wakati kunywa ndiko kungemwokoa. Jino la kudumu linaweza kuota vibaya au lisiote kabisa. Kukata kimeo kwa mtoto anayetapika kuna madhara ya aina hiyohiyo.

Kuota meno nako kunasingiziwa mengi. Kati ya miezi sita na miaka miwili mtoto anaota meno, na wakati huohuo anatambaa, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni, na anaanza vyakula vya nje ya ziwa. Hivyo ndivyo vinavyomletea vimelea. Ukisema "ni meno tu", utaacha kumpa ORS.

Na mama asilaumiwe kwamba amembemenda mtoto, yaani kwamba mtoto amedhoofika kwa sababu mama amekutana na mwanamume wakati bado ananyonyesha. Lawama hiyo imewafanya wanawake waone aibu kwenda kliniki na mtoto aliyekonda, nao ndio wanaopaswa kufika mapema. Bibi akiyasema haya, mjibu kwa adabu: "Bibi, tumpe kwanza maji haya ya dawa tukielekea hospitali, mengine tutazungumza." Mpe yeye kikombe na kijiko. Mara nyingi hakuna mwenye subira ya kunywesha kama yeye.

Hatua ya 7: Ondoka nyumbani sasa, usingoje asubuhi

Mpeleke mtoto ukiona lolote kati ya haya:

- hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila anachopewa;
- amelegea, haamki vizuri, au amepata degedege;
- macho yameingia ndani, ngozi inarudi taratibu, au hajakojoa kwa saa 6;
- choo kina damu;
- ana homa kali, au ana umri wa chini ya miezi miwili;
- analia kwa vipindi akikunja miguu tumboni, anatapika kijani, tumbo limevimba, au choo ni damu iliyochanganyika na utelezi. Hapa utumbo unaweza kuwa umejikunja ndani yake, na matibabu yake yako hospitali kubwa yenye upasuaji.

Njiani endelea kumpa ORS kwa kijiko maadamu yuko macho na anameza. Beba kadi ya kliniki na ile karatasi yako ya saa.

Hatua ya 8: Kinga

Vimelea hutoka kwenye kinyesi na kufika mdomoni, kwa njia ya mikono, maji, nzi na vyombo. Njia hizo ndizo za kuziba.

Kinyesi cha mtoto ndicho kinachodharauliwa zaidi. Watu husema hakina uchafu, kinatupwa uani au nepi inasuuzwa karibu na ndoo ya kunywa. Kina vimelea kama cha mtu mzima, au hata zaidi. Kitupe chooni, funika shimo la choo, unawe kwa sabuni.

Kunawa kwa sabuni ni baada ya choo, baada ya kumtawaza mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kumlisha na kabla ya kunyonyesha. Pasipo na bomba, tengeneza kibuyu chirizi: dumu dogo lililotobolewa tundu, likaning'inizwa kwenye mti, likafungwa kamba na kijiti cha kukanyaga. Mikono haishiki dumu, na maji kidogo yanatosha wengi. Kining'inize karibu na choo, kingine karibu na jiko, na sabuni iwepo.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu, yapoe yakiwa yamefunikwa, yahifadhiwe kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Ndoo inayochotwa kwa kikombe huchafuliwa upya na kila mkono unaoingia. Mkaa ukiwa ghali, tumia vidonge vya klorini kwa kufuata maelekezo ya pakiti, au anika maji maangavu kwenye chupa safi za plastiki zisizo na rangi, za lita 2 au chini, kwenye jua kali kwa saa 6. Siku za mawingu, ziache siku mbili.

Sasa ile chupa ya chai. Uji wa mtoto unapikwa alfajiri, unatiwa kwenye chupa, mama anakwenda kazini na mtoto analishwa uji uleule hadi alasiri. Asubuhi ni wa moto, lakini kila chupa inapofunguliwa unapoa, hadi unafikia uvuguvugu, na uvuguvugu ndio bakteria wanaoupenda, tena ndani ya chakula chenye maziwa na sukari. Pika uji kidogo mara mbili au tatu kwa siku, hata kama ni usumbufu. Chakula kilichopoa kwa zaidi ya saa mbili kichemshwe tena mpaka kitokote, na kilichobaki kwenye bakuli la mtoto kisihifadhiwe.

Chupa za kunyonyeshea ziache ukiweza, kwani chuchu na shingo ya chupa husafishika kwa shida na mabaki ya maziwa hugandia humo. Kikombe cha wazi na kijiko huoshwa kirahisi. Miezi sita ya mwanzo mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji mwepesi.

Chanjo ya rota, inayokinga dhidi ya virusi vinavyoleta kuhara, hutolewa kwa matone ya mdomoni na ni bure. Tanzania iliiingiza kwenye chanjo za kawaida Januari 2013, Kenya mwaka 2014. Dozi ya kwanza ni wiki ya 6, na zinazofuata ni kama kadi inavyoonyesha. Angalia kadi leo, na kama imepita, nenda kaulize. Matone ya vitamini A huanza miezi 6 na dawa ya minyoo mwaka 1, mara mbili kwa mwaka. Tanzania kampeni zake huwa Juni na Desemba.

Hatua ya 9: Wiki mbili baada ya kupona

Mtoto aliyeharisha amepoteza uzito, na akiharisha tena kabla hajaurudisha ataingia kwenye utapiamlo. Mwongeze mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili, pamoja na zinki iliyobaki. Nunua pakiti mbili za ORS uziweke ndani, mahali ambapo hata dada wa nyumbani anapajua, na umfundishe kuzichanganya mbele yako kwa zile chupa mbili za nusu lita. Kisha mpeleke kliniki akapimwe uzito, na muulize muuguzi akuonyeshe kwenye kadi mstari wake umepanda au umebaki palepale.